Bangili Zilizowatoa Wazee Nyumbani

Asubuhi niliyoacha kazi Kitale nilikuwa na msumeno, tupa mbili, kipande cha msasa na sweta iliyokuwa ya mtu mwingine. Mpango sikuwa nao. Nalisema hili mapema kwa sababu nyinyi vijana mnaokuja kuniuliza nilianzaje huwa mnafungua daftari kabisa, mnangoja niseme nilikuwa na maono. Nilikuwa na hasira tu, na ile baridi ya Kitale ya saa kumi na mbili asubuhi hairuhusu mtu kukaa na hasira mahali pamoja.

Stendi kulikuwa na magari mawili yakiita abiria, moja la Eldoret na moja la Bungoma. La Bungoma lilikuwa limebakiza kiti kimoja, nikaingia. Kama lile la Eldoret ndilo lingekuwa karibu kujaa, leo ningewahadithia mambo ya Eldoret, na ningewaambia kwa uso mkavu kwamba nilichunguza soko kwanza.

Hasira yenyewe ilianzia kwa Madam Consolata. Madam alikuwa na duka la mapambo, herini, mikufu, bangili na vishikizo vya nywele. Yeye alikaa mbele na wateja. Mimi nilikaa nyuma ya pazia nikichonga pembe na mifupa ya ng'ombe. Nilichochonga kikipita lile pazia kilikuwa kimetoka Italia. Nilikaa pale miaka minne nikiwa Mwitaliano bila kujua neno moja la kwao.

Siku moja mwalimu mmoja wa kike alirudisha herini iliyokatika. Madam akaitazama, akatikisa kichwa.

"Hii lazima irudi kiwandani, mwalimu. Mambo ya ng'ambo, unajua. Wiki tatu."

Akanipitishia herini chini ya pazia. Niliitengeneza kabla chai yangu haijapoa. Halafu ikalala kwenye droo wiki tatu, ili ipate muda wa kusafiri. Mwalimu alipoichukua aliigeuza kwenye mwanga akasema, "Hawa watu wanajua kazi." Hapo nikashindwa kujizuia. Nikafungua pazia.

"Mwalimu, hiyo nimeitengeneza mimi."

Alinitazama kuanzia nywele zilizojaa unga wa pembe mpaka miguuni, akacheka vizuri tu, bila ubaya, akamwambia Madam, "Huyu kijana wako anapenda mzaha."

Madam akacheka pia. Jioni nilipomwambia nakwenda, hakukasirika. "Enda tu," akasema. "Mahindi yakivunwa utakuwa umerudi. Huko nje nani atanunua kitu cha mtu wa Kipsongo?"

Wasioijua Kipsongo wajue ni mtaa wa Kitale ambao ukisema unatoka huko, mtu hushika mfuko wake kwanza ndipo akusalimie. Ndiko nilikozaliwa. Mama yangu alitoka Lodwar. Baba alitoka, basi. Na swali la Madam ndilo nililosafiri nalo mpaka Bungoma: je, kuna mtu atakayevaa kitu akijua wazi kwamba kimetoka mikononi mwa mtu wa Kipsongo? Kama hayupo, ningerudi nikafie Italia.

Ngojeni niwaambie nilivyoingia kwenye pembe, maana kuna anayedhani nilisomea. Shule niliacha darasa la sita. Nilitaka kujua maji ya mtaro uliopita nyuma ya shule yanaishia wapi, nikayafuata, na nilipofika yanapoishia nikaona kurudi ni mbali. Baada ya hapo niliosha karoti, nikasukuma mkokoteni, nikashika gunia kwenye mashine ya kusaga. Nikafika machinjioni, na huko nikaona pembe zinatupwa. Nikauliza kwa nini zinatupwa. Nilipouliza mara ya sita wakanielekeza kwa Mzee Rajabu ili wapumzike.

Mzee Rajabu aliishi karibu na msikiti. Alikuwa akichonga tasbihi na mipini ya visu, kazi aliyoachiwa na babu yake, askari aliyefika na jeshi la kutoka kaskazini na akakataa kuondoka nalo. Hakuwa na maneno mengi. Somo lake la kwanza lilikuwa, "Chemsha mfupa mara tatu. Maji ya sabuni. Kila mara mwaga, weka mengine. Ukiona bado kuna macho ya mafuta yanaelea, endelea."

Nilichemsha mara moja. Nilikuwa na haraka ya kuwa fundi. Mkufu wangu wa kwanza ulitoka mweupe kama maziwa, nikamuuzia mama mmoja mkubwa wa kanisa. Jumapili ile jua lilikuwa kali. Yule mama alitoka nyumbani na mkufu wake, akapita sokoni, na alipofika kanisani alikuwa na mbwa wanne. Waliketi mlangoni kwa adabu, pua zimeelekea kiti cha mbele. Mhubiri aliwaona akafurahi sana, akasema hata wanyama wameanza kuja kulisikia Neno. Mama yule aliporudi nyumbani na waumini wake wanne ndipo alipounusa mkufu.

Nilimpelekea Mzee Rajabu habari kabla wengine hawajampelekea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umepeleka mbwa kanisani," akasema. "Mimi ni Mwislamu, hapo sina la kusema. Chemsha tena."

Kwa hiyo wewe unayeandika, andika hilo. Mfupa ambao haujatoka mafuta huwa mweupe siku ya kuuza na manjano siku ya jua. Pembe nayo usiichemshe sana. Ichemshe tu hadi ule mfupa wa ndani ulegee na kutoka, uikaushe kivulini. Ukiianika juani itapasuka kama kisigino. Ukitaka kuilainisha ili uikunje, itie kwenye mafuta ya moto, uhesabu pole pole, uitoe uibane. Itanuka kama nywele zinazoungua, na majirani watakuja. Waambie ni dawa. Watu huheshimu dawa.

Basi nikafika Bungoma. Wiki ya kwanza nilisikia kuna semina ya bure ya kujiajiri kwenye ukumbi mmoja, nikaenda kwa ajili ya soda. Miaka ile ya elfu mbili semina zilikuwa kama mvua, na simu za mkononi zilivaliwa kiunoni kama panga. Mwezeshaji alikuwa na simu mbili. Alitufundisha siku nzima jinsi ya kuacha kuajiriwa. Nikainua mkono.

"Wewe umejiajiri, mwalimu?"

"Mimi niko na kazi," akasema. "Kazi yangu ndiyo hii, kuwaambia nyinyi."

Akatuambia tutafute pengo. Kila soko lina pengo, akasema, ukilijaza wewe umetoka. Nikapewa cheti, soda na hilo neno. Nikazunguka Bungoma siku mbili nikitafuta pengo la bangili, na mimi huyu, mwenye darasa la sita, nikaliona. Bangili zote zilikuwa kimya.

Hapa wale wa Bungoma wameshaanza kushika vichwa. Kwa wengine nitaeleza. Ulikuwa mwaka shufwa, na tulikuwa tunaukaribia mwezi wa nane. Miaka hiyo Wabukusu hutahiri vijana wao, na kabla ya siku yenyewe kijana huzunguka kwa ndugu wote akiwaalika, huku akigonganisha vyuma vidogo mikononi viitwavyo chinyimba. Mlio wake unasikika kutoka boma la tatu. Ukiusikia unajua nani anakuja, unajua anataka nini, na kama wewe ni mjomba wake unajua kwamba fahali wako mmoja hana maisha marefu.

Msiseme sikujua. Kitale pia ule mlio upo, nimekua nikiusikia. Nilijua kabisa, na ndiyo maana nilijiona mjanja. Nilisema kama watu wanauacha ugali mezani ili kuufuata mlio huu, hebu niuweke kwenye bangili. Nilidhani mlio ni mlio tu.

Nilienda kwa mhunzi nikamwagiza vyuma vidogo, viwili viwili.

"Vya nani?" akauliza.

"Vya wanawake."

Akasimamisha nyundo. "Wanawake wa wapi?"

"Wa mjini."

Akafikiri kidogo. "Mjini kuna mambo," akasema, akaendelea kugonga. Alinionya kadiri fundi anavyoweza kumwonya mteja ambaye ameshalipa.

Nikaning'iniza jozi moja kwenye kila bangili ya pembe, na bangili ziliisha kama maandazi. Wa kwanza kununua alikuwa Nafula, karani wa duka la mbolea, dada mcheshi aliyevaa tatu kwa mkono mmoja. Kila mteja nilimwambia kabla hajauliza: nimetengeneza mwenyewe, natoka Kipsongo. Hakuna aliyeshika mfuko. Walitikisa mikono, wakacheka, wakaleta marafiki. Kwa wiki tatu nilitembea Bungoma kama mtu aliyeshinda uchaguzi, na moyoni nilikuwa nikimjibu Madam.

Wiki ya nne niliitwa kwenye veranda ya duka la vifaa vya ujenzi. Wazee watatu walikuwa wameketi kwenye magunia ya simiti. Mmoja uso wake ulikuwa na mikwaruzo mipya. Huyo alikuwa mjomba wa Nafula.

"Wewe ndiye wa bangiri?" akauliza.

"Ndimi, mzee."

"Angaria uso wangu. Nani amenikwaruza?"

"Sijui, mzee."

"Mahindi. Juzi nimesikia chinyimba inakuja kwangu. Nimeingia kwa shamba ya mahindi saa nane, nimetoka jua imezama. Kumbe ni Nafula. Ati ameniretea sukari."

Mzee wa pili, mwalimu mstaafu aliyevaa koti kubwa katika joto lile, akamgeukia. "Lakini wewe, kwa nini ulijificha? Si umngoje mpwa wako umpokee?"

"Hiyo haiko kwa ajenda."

"Nauliza tu, bana. Fahali uko naye?"

"Nimesema haiko kwa ajenda."

Mwalimu mstaafu akarudi kwangu. "Mimi sikujificha. Nilisikia, nikavaa hii koti, nikatoka mpaka njiani na hotuba yangu yote. Nikakuta wasusi watatu wanatoka salon."

"Pole, mwalimu. Ukafanya nini?"

"Nikawapa hotuba. Ningeirudisha wapi? Niliwaambia wawe majasiri, wasilie mbele ya kisu. Mmoja akalia hapo hapo."

Mzee wa tatu muda wote alikuwa akizungusha bangili yangu moja kwenye kidole gumba. Niliposikia sauti yake nilijua hapo kicheko kimeisha.

"Kijana, chinyimba haipigwi kwa raha. Inapigwa na mtu ambaye ameamua. Akishaanza kupiga, kurudi nyuma hakuna, maana watu wote wamesikia. Wewe umechukua sauti ya kuamua, umewapa watu wanaoenda kununua nyanya. Sasa wavulana wetu wakipita, wazee wanabaki ndani. Wanasema ni wasichana wa salon. Kuna mtoto jana ameimba mbele ya mlango saa nzima na hakuna aliyetoka."

Nikaitazama ile bangili kidoleni mwake. 

"Utazunguka," akasema. "Kila mkono. Utoe hizo vyuma wewe mwenyewe, kabla ya Jumamosi."

"Nyumba zote, mzee?"

"Wakati wa kuuza uliziona vipi?"

Nikazunguka na koleo. Vijana wangu, siwatakii jambo hili, ila namtakia kila mmoja wenu alipitie mara moja. Mtu akishauza kitu humwona mteja anatoka dukani akicheka, hajui kinachofuata. Mimi nilirudi kwenye kila nyumba nikaona. Mwanamke mmoja alikuwa amefungia pazia kwa bangili yangu. Mwingine alimpa mtoto aliyekuwa akiota meno. Nyingi zilikuwa zimebanduka tabaka kama kitunguu, kwa sababu wenyewe walifua nguo nazo mkononi kisha wakakaa juani, na mimi sikuwa nimezipaka mafuta ya kutosha. Nyingine zilikuwa na tundu dogo mno, zilipita mkono kwenda na zikakataa kurudi. Miaka minne nyuma ya pazia sikuwahi kuyajua hayo.

Na nilijua jambo lingine, chungu zaidi. Msusi mmoja alinipa mkono nikakata vyuma, akaitikisa bangili, haikulia. Akaivua akanirudishia.

"Si ungebaki nayo, dada? Pembe ni ile ile."

"Pembe ya nini? Mimi nilitaka ile kelele."

"Lakini nilikuambia nimeitengeneza mimi."

"Ah, hiyo. Mimi nilidhani ni maneno ya biashara."

Wengi walisema hivyo hivyo, kila mmoja kwa njia yake. Kumbe sikuwa nimemjibu Madam. Nilikuwa nimeuza kengele. Ijumaa jioni mfuko wangu ulikuwa umejaa bangili zilizorudi, na nyumba iliyobaki ilikuwa moja, ya Nafula.

Alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. "Mimi sitoi," akasema. "Hii bangili imemtoa mjomba nyumbani. Mwaka mzima hakuwahi kutoka."

"Nafula, tafadhali. Wazee wamesema."

Akanyoosha mkono. Nikakata vyuma, na hapo nikaona bangili moja imepasuka ukingoni na inamkwaruza ngozi. Sikumwomba ruhusa. Niliketi kwenye kizingiti, nikatoa tupa, nikaupiga tupa ule ukingo taratibu hadi ufa ukaisha, nikapitisha msasa, nikachota majivu jikoni kwake nikaisugua kwa kitambaa, nikamalizia na mafuta ya kupikia. Mboga ziliacha kuchambuliwa. Jirani akaja, akasimama. Mwingine akaja na mtoto mgongoni. Nilipoinua kichwa kulikuwa na watu sita.

Nafula akaivaa, akaigeuza. Ilikuwa inang'aa nyeusi na mshipa wa kahawia katikati.

"Kumbe ni wewe kweli," akasema.

"Si nilikuambia tangu siku ya kwanza?"

"Watu husema, bana. Nani anajua?"

Yule jirani akaingiza mkono kwenye mfuko wangu wa bangili zilizorudi bila kungoja kukaribishwa. "Hii nirekebishie na mimi iwe kama hiyo. Lakini keti hapa, nikuone."

Kama mmeandika mambo mengi leo, yafuteni mbaki na hili: usifanye kazi nyuma ya pazia. Tangu siku ile sijachonga kitu mahali ambapo mpita njia hanioni. Niliketi vizingitini Bungoma nzima, na nilichokuwa nikisema kwa mdomo wiki tatu bila kuaminiwa, tupa ilikisema kwa nusu saa.

Mahindi yalipoanza kukauka Madam Consolata alinifuata mwenyewe. Alinikuta kando ya soko, nimezungukwa. Alingoja watu wapungue.

"Nimesikia walikufukuza," akasema.

"Walinirekebisha, Madam."

"Rudi Kitale. Nitakutoa nyuma. Utakaa mbele kabisa, dirishani. Siku hizi wateja wanataka kumwona fundi, wamechoka na Italia." Akaniangalia vizuri. "Nitakununulia shuka nyekundu. Tutasema wewe ni Mmaasai."

"Mimi ni Mturkana, Madam. Wa Kipsongo."

"Wateja hawajui tofauti."

Alisema kwa huruma, kweli. Alikuwa ananipa alichoona ni kikubwa. Na ninakiri nilifikiria. Chumba changu kilikuwa kinavuja, na pembe zilikuwa zimeanza kuniishia, kwa sababu wafugaji wa Bungoma walikuwa wameingia kwenye ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, ambao hukatwa pembe wakiwa ndama. Maendeleo ya maziwa yaliniua mimi kwanza. Nikamwomba anipe mpaka kesho. Kesho yake nilimshukuru, nikapanda naye gari moja hadi Kitale, na pale stendi yeye akaenda dukani kwake na mimi nikatafuta la Endebess. Nilikuwa nimesikia kwamba ng'ombe wanaoshuka kutoka mlimani bado wana pembe za kukumbatia.

Endebess nilifika mchana, ukungu haujaondoka. Nilielekezwa kwa mama mmoja, Mama Chebet, aliyekuwa na vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya zizi. Alikuwa amesimama na ndoo ya maziwa.

"Unafanya kazi ya nani?" akauliza.

"Yangu, mama. Nachonga bangili za pembe."

"Nani anakujua hapa?"

"Hakuna."

"Kwenu ni wapi?"

Ningeweza kusema Kitale tu. Kitale ni kubwa, ingetosha.

"Kipsongo," nikasema.

Akaweka ndoo chini, upande wake wa pili, mbali nami. "Watu wa Kipsongo wanasemwa sana."

"Najua wanasemwa, mama."

Kisha akaingia zizini, akarudi na pembe kubwa yenye vumbi. "Hii ni ya ng'ombe wangu, alikufa mwaka jana. Nilimpenda. Hebu tuone."

Sijawahi kukata pembe kwa woga namna ile. Nilikata duara moja kwenye shina, mahali penye unene, nikalipiga tupa, nikasugua, nikapaka mafuta. Nililipima kwa mkono wake, nikaacha nafasi ya kufua na kukamua. Alijifanya anasafisha ndoo. Ndoo ile ilisafishwa saa nzima. Alipoivaa hakusema ni nzuri wala mbaya. Aliipitishia kidole tu, mara mbili, palipokuwa na doa jeupe.

"Chumba ni kile karibu na ndama," akasema. "Wewe na wao mtazoeana harufu."

Niliingia, nikapanga tupa zangu dirishani, nikajilaza kwenye kitanda kisicho na godoro. Nje nikasikia jirani akimsalimia Mama Chebet juu ya ua, akimuuliza habari za ng'ombe na za mvua. Mama Chebet akamjibu yote mawili. Halafu, bila kuulizwa, akasema, "Umeona hii? Imetengenezwa na mtu wa Kipsongo. Anakaa kwangu."